Mwaka Nilioandika Maneno ya Papa Ramazani

Papa Ramazani alizikwa Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri, na uwanja wa nyumba yake pale Murara, mjini Goma, haukutosha. Watu walijaa mpaka barabarani, wengine wakakaa juu ya mawe meusi ya volkano, wengine wakaegemea malori yaliyopangwa ukingoni mwa njia hadi kwenye kona. Nilikuwa upande wa akina mama, karibu na masufuria ya wali, nimemshika mkono mjane wake, Mama Zaina. Hakuwa akilia wakati huo. Alikuwa anatazama malori. "Sifa, angalia," aliniambia kwa sauti ya chini, "hawa bote banatoka Masisi. Bameshuka leo asubuhi." Nyuma yetu walisimama vijana wawili waliovaa vizuri, nadhani waliletwa na jirani, na mmoja akamwuliza mwenzake marehemu alikuwa nani hasa hata afuatwe na malori mengi namna hii. "Alikuwa depite zamani," mwenzake akajibu. "Shofere tu wa malori, alibahatika kuingia bunge. Hata Kifaransa hakujua." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja urefu wa mlima. Mimi ni mkalimani wa mahakama, nimezoea kugeuza maneno ya watu papo hapo bila kubabaika, lakini hayo niliondoka nayo kama yalivyo. Nilirudi nyumbani na hasira ndogo iliyokataa kulala, na asubuhi yake nikaanza kuandika. Sitaandika maisha yake yote, wala yangu. Naandika mwaka mmoja tu, kwa sababu katika mwaka huo nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kuweza kuapa.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nina diploma mpya na viatu vya kuazima, nilipopata kazi katika ofisi ya kumbukumbu ya bunge la mkoa, hapa Goma. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha kuta za mawe, chenye dirisha dogo lililotazama upande wa ziwa, meza tatu, kompyuta moja iliyotegemea jenereta, na kinasa sauti ambacho mkubwa wangu, Papa Deo, hakumruhusu mtu mwingine kukigusa. Papa Deo alikuwa mtu mwembamba, mpole, mpenda kanuni. Kitabu cha kanuni za bunge kilikaa mkono wake wa kulia kama vile Biblia inavyokaa kwa mchungaji, na saa sita kamili alikuwa akifunika kompyuta kwa kitambaa, anafungua bakuli lake la maharagwe na ndizi za makemba, ananipimia nusu kwenye kifuniko bila kuuliza kama nina njaa. Kazi yetu ilikuwa kusikiliza kanda za vikao na kuandika kila kilichosemwa, kwa Kifaransa. Nilishangaa siku za mwanzo, kwa sababu wadepite wenyewe walikuwa wakizungumza Kiswahili kila mahali. Walisalimiana kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili kwenye ngazi, wakaombana chumvi kwa Kiswahili wakati wa chakula. Lakini ikifika saa ya kuingia katika maandishi, walivaa Kifaransa kama koti la sherehe. Na kama mmoja angesahau akasema kwa Kiswahili ukumbini, sisi tuliandika mstari mmoja: mheshimiwa fulani ametoa maoni yake kwa Kiswahili. Basi. Hakuna aliyekuwa amepanga iwe hivyo. Ilikuwa desturi tu, imezaliwa kwa uvivu, na imekua kwa sababu hakuna aliyeiuliza swali.

Aliyeiuliza alikuwa Papa Ramazani. Alikuja ofisini kwetu asubuhi moja, mtu mkubwa mwenye shingo fupi na kofia nyeupe, koti limembana mabegani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mweusi kuliko wa kulia, maana kwa miaka mingi alikuwa ameuegemeza kwenye dirisha la lori, juani, akipandisha bidhaa Masisi na kushusha viazi, maharagwe na ng'ombe. Watu wa njia hiyo ndio waliomchagua. Katika kila kikao aliinua mkono, na katika kila kikao alizungumza juu ya barabara: barabara ya kutoka Ndosho kwenda milimani, mifereji iliyoziba, mawe yaliyokata magurudumu ya pikipiki, na zaidi ya yote daraja la mto Bwera, lililokuwa miti minne iliyolazwa tu juu ya maji. Siku hiyo alimwomba Papa Deo amwonyeshe maneno yake. Papa Deo akamtolea jalada. Papa Ramazani akafuata kwa kidole, taratibu, mpaka akafika kwenye jina lake na ule mstari wetu mmoja. Akageuza ukurasa. Akaurudisha.

"Muzee Deo," alisema, "mi nilisimama hapo ndani karibu nusu saa. Yale maneno yangu yote iko wapi?"

Papa Deo akakohoa, akaeleza habari ya Kifaransa. Nilitazamia kelele. Papa Ramazani akavuta kiti badala yake, akakaa, akaelekeza kidole kwenye kile kitabu cha kanuni.

"Mule ndani, banakataza?"

Swali hilo lilimfanya Papa Deo afungue kitabu ambacho alidhani anakijua kwa moyo. Alisoma kurasa, akarudi nyuma, akasoma tena, midomo ikicheza bila sauti. Jenereta lilizimika, akasogeza kitabu kwenye mwanga wa dirisha. Mwishowe akavua miwani. "Haikatazwi," alisema, na niliona uso wake umeingia aibu ya mtu mwaminifu aliyegundua kwamba kwa miaka amekosea kwa unadhifu. "Kinachokatazwa ni kuacha maneno ya mtu." Kisha akanigeukia. "Sifa, wewe unatoka milimani na umesomea mjini. Kuanzia leo, Kiswahili kitaandikwa. Chote. Ni kazi yako."

Niliifanya vibaya mwanzoni, tena kwa bidii. Nilikuwa msichana wa shule. Niliona haya kumwandika mheshimiwa jinsi alivyosema, na sarufi yake ya barabarani, na maneno yake ya gereji. Kwa hiyo nilimsafisha. Juma lililofuata nikapeleka karatasi zangu nyumbani kwake Murara ili azithibitishe, nikiwa na fahari kama mtu anayepeleka keki. Alizisoma akiwa amekaa kwenye mkeka, miwani puani. Nilikuwa nimeandika kwamba hali ya miundombinu ya usafiri katika eneo husika si ya kuridhisha na inahitaji kuangaliwa kwa jicho la huruma.

"Huyu ni nani?" aliniuliza.

"Ni wewe, Papa Onorabule," nilijibu, kwa jina tulilowaita waheshimiwa wote.

"Hapana. Huyu ni mutu ya karavati, ile tai ya shingo. Mi nilisema nini?"

Nilikuwa nakumbuka vizuri. "Ulisema kuna mama alizalia juu ya magunia ya viazi, kwa sababu lori lililala siku mbili kwenye matope ya Bwera na hakukuwa na njia ya kumfikisha hospitali."

"Njo hivyo. Sasa, ile mama iko wapi hapa?"

Nilitazama karatasi yangu. Hakuwepo. Nilikuwa nimeandika kurasa tatu safi na hapakuwa na mtu hata mmoja ndani yake. Papa Ramazani hakunifokea. Alinirudishia karatasi kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha kitu cha thamani kilichoharibika.

"Umemushusha kwa gari, mutoto wangu," alisema. "Murudishe."

Nimekuwa mkalimani kwa zaidi ya miaka kumi na mitano sasa. Nimetafsiri mashahidi waliokuwa wakitetemeka na mawakili waliokuwa wakijisikiliza wenyewe. Vijana ninaowafundisha kazi hunishangaa ninapowakataza kupamba. Wanadhani ni ukali. Hawajui kwamba kila ninapoona sentensi nzuri ambayo haina mtu ndani, ninamwona mama yule kando ya njia, na mtoto mchanga mikononi, akitazama lori likienda bila yeye.

Baada ya siku hiyo, kila Jumamosi nilikwenda Murara, na kwa kweli elimu yangu yote ya mwaka ule niliipata katika chumba kile cha mbele, chenye mikeka miwili, kabati la vikombe, na pazia la kijani lililokuwa likipepea kila mlango ukifunguliwa. Mlango ulifunguliwa sana. Madereva waliotoka safari walikuja moja kwa moja kutoka barabarani, bado wana vumbi kwenye nyusi, wanavua viatu, wanakaa. Mama Zaina alileta sinia la wali, sombe ya majani ya muhogo iliyong'aa kwa mawese, sambaza, visamaki vya ziwani, za kukaanga ambazo zilivunjika katikati ya meno, kisha chai ya tangawizi iliyochoma koo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache yenye ncha. "Miaka yote alikuwa ananiacha anakwenda barabarani," aliniambia mara ya kwanza, akinisogezea bakuli la pilipili. "Sasa amezeeka, analeta barabara nzima hapa kwa meza." Papa Ramazani alicheka, lakini hakuacha kusikiliza. Hakuwahi kumwuliza dereva anafikiri nini. Aliuliza ameona nini. Gari lililala wapi? Upande gani wa kona? Maji yalifika kwenye ekseli au chini yake? Ni nani walikuwa wamepanda juu? Dereva akisema "batu wengi," alimkatiza: nani? Naye dereva angefumba macho na kukumbuka: mwalimu mmoja na chaki zake, wazee wawili, mama mwenye mtoto wa surua. Hakuandika lolote. Alihifadhi yote kwa kufuata njia, kona kwa kona, na Jumatatu akisimama bungeni aliendesha tena safari ile ile mbele ya wadepite, tangu Ndosho hadi juu, na mimi nyuma ya kinasa sauti niliandika mbio, nikihakikisha hakuna abiria ninayemdondosha.

Kulikuwa na wadepite waliochoka naye. Wengine walipoona mkono wake unapanda walikwenda kunywa soda. Lakini mwezi wa tatu alipata siku yake. Waziri wa mkoa wa kazi za umma alikuwa amekuja kujibu maswali, mtu mcheshi, mwenye mwili, ambaye kila mtu alimpenda. Papa Ramazani alimwuliza juu ya Bwera, akamweleza habari ya mama na magunia ya viazi, na waziri, badala ya kujibu kwa Kifaransa cha karatasi zake, alijibu kwa Kiswahili, akicheka, na ukumbi ukacheka naye. Niliandika jibu lake kama nilivyokuwa nimefundishwa, neno kwa neno. Papa Deo alipiga mhuri, akaliweka jalada kabatini. Kwenye kumbukumbu ya Kifaransa, aliyoiandika mwenzetu wa meza ya tatu, mabishano yale yote yalibaki mstari mmoja.

Mwisho wa mwezi wa nane, Papa Ramazani alinichukua nikaone. "Unaandika Bwera kila siku," alisema, "hata rangi ya maji yake huijui." Tulipanda na lori la rafiki yake tangu asubuhi, nikiwa katikati yao kwenye kabini, magoti yangu yakigonga gia. Nilikuwa nimekulia kwenye milima hiyo hiyo, lakini upande mwingine, na sikuwa nimewahi kuijua barabara kama wanavyoijua wao, kama mtu anavyojua hasira za ndugu yake. Bwera lilikuwa bonde jembamba lenye maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mawe yalikuwa makubwa kuliko nilivyofikiri, na miti minne ya daraja ilikuwa myembamba zaidi. Miwili ilikuwa imeoza, unaweza kuichimba kwa kidole. Desturi ilikuwa abiria wote washuke, wavuke kwa miguu, mizigo ihamishwe kichwani, kisha lori livuke tupu, polepole, dereva akiwa ameacha mlango wazi ili aweze kuruka. Akina mama wa soko walikuwa mbele yetu, na mabeseni ya jibini kichwani, jibini zile za duara za Masisi, zimefunikwa majani. Wa nne alikuwa mama mmoja aliyeitwa Mama Neema. Alikuwa katikati mti mmoja ulipozunguka chini ya mguu wake kama vile mtu anavyogeuka kitandani. Beseni liliruka. Yeye akaanguka kati ya miti, na ule uliozunguka ukarudi ukambana mguu.

Papa Ramazani aliingia majini na koti lake la bungeni. Sikuwa nimejua kwamba mtu mzito namna ile anaweza kwenda mbio hivyo. Aliitisha jeki, akaipachika juu ya jiwe, akaikaza kwa mikono yake mwenyewe, huku maji yakimpiga kifuani, na yule dereva rafiki yake akamvuta Mama Neema kwa makwapa. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti. Tulimlaza kwenye majani, mimi nikimshika kichwa, na jibini zake zikienda na mto, nyeupe, moja baada ya nyingine. Wanaume walikuwa wanafunga mguu kwa vipande vya mbao. Mama Neema alikuwa ameuma kitenge chake kwa maumivu, kisha akakitoa mdomoni, akamtazama Papa Ramazani.

"Onorabule," alisema, "kule ndani kwenu, munasemaka nini juu yetu?"

Papa Ramazani alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakujibu. Tulimpakia mama yule kwenye lori letu, lililokuwa bado upande wa mjini, tukageuza, tukashuka naye hadi kwa waganga wa hospitali ya mjini. Njia yote mheshimiwa alikaa nyuma, juu, na maji yakimtiririka, amemshikilia mguu usitikisike. Mimi nilikaa kabini na nikawaza jambo moja tu. Swali la Mama Neema lilikuwa na jibu. Jibu lilikuwa kabatini kwetu, lina mhuri, kwa mwandiko wangu.

Kikao cha mwezi wa tisa kilianza siku ya mvua. Paa la ukumbi lilikuwa la bati na ilibidi wasemaji wapaze sauti. Papa Ramazani alikuwa ameomba waziri aitwe tena, na waziri alikuja, safari hii na mafaili na mhandisi mmoja. Alisoma kwa Kifaransa kwamba daraja la Bwera linapitika, kwamba liko kwenye orodha ya kazi za baadaye, na kwamba hakuna ahadi ya tarehe iliyowahi kutolewa mbele ya bunge hili. Naamini hadi leo kwamba hakuwa anadanganya. Alikuwa amesahau. Mtu anayeahidi kwa kicheko husahau kwa urahisi. Papa Ramazani alisimama. Alikuwa amevaa koti lile lile, limekauka na kujikunja.

"Prezida," alisema, "naomba basome maneno ya mwezi wa tatu."

Rais wa bunge akamwita Papa Deo. Papa Deo akaja mbele na jalada la Kifaransa, akasoma ule mstari mmoja. Wadepite wakaguna, waziri akainua mikono kama kusema mmejionea. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha waandishi, na nilidhani mambo yamekwisha. Lakini Papa Deo hakurudi kwenye kiti chake. Alinyoosha tai. "Mheshimiwa Rais," alisema, "kwa mujibu wa kanuni zetu, ipo pia kumbukumbu ya Kiswahili. Ina mhuri sawasawa na hii. Mwandishi wake yupo hapa. Naomba ruhusa aisome."

Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka ubaridi wa kipaza sauti kwenye kidevu, na kwamba viatu vyangu wakati huo vilikuwa vyangu mwenyewe. Nikaanza na maneno ya Papa Ramazani. Nilisoma Ndosho, nikasoma mifereji, nikasoma matope, nikasoma yule mama aliyezalia juu ya magunia ya viazi, na watu waliokuwa wameinuka kwenda kunywa soda walisimama mlangoni, wakabaki hapo. Nilisoma jinsi dereva alivyovua shati lake kumfunikia mtoto. Kisha nikafika kwenye jibu la waziri, na kwa sababu nilikuwa nimefundishwa kutopamba, nililisoma na kicheko chake ndani:

"Papa Ramazani, usiniue na hii daraja yako! Mbele ya mvua ya mwezi wa tisa kuanza, vyuma itakuwa imefika Bwera. Kama haiko, uniite hapa, nitakuja kwa miguu."

Mvua, mvua ya mwezi wa tisa, ilikuwa ikipiga bati juu ya vichwa vyetu. Kisha ukumbi ulilipuka. Wadepite walipiga meza, wa upande huu na wa upande ule, mmoja alisimama kwenye kiti. Waziri alivua miwani yake, akaifuta muda mrefu. Nilimwogopea, na nikajiogopea. Alipoinua uso alikuwa anatabasamu kwa aibu, kama mtoto aliyekamatwa na sukari kinywani.

"Ni mimi," alisema kwa Kiswahili. "Ile ni sauti yangu kabisa. Huyu dada hakuniongezea hata neno."

"Aende kwa miguu!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na kicheko kikaanza upya. Papa Ramazani akainua ule mkono wake mweusi mpaka wote wakanyamaza.

"Sitaki miguu ya waziri," alisema. "Iko mama mumoja kwa waganga hapa mujini, mguu yake imevunjika pale Bwera. Aliniuliza tunasemaka nini juu yao. Nilikosa jibu. Leo minaomba bunge inisaidie kujibu."

Ilikuwa hotuba yake fupi kuliko zote, na alikaa. Waziri alinong'onezana na mhandisi wake, karatasi zikapita huku na huku, kisha akatangaza kwamba kuna vyuma vya daraja vilivyolala bohari kwa muda mrefu vikingoja uamuzi, na kwamba bunge likiamua leo, vitapanda Bwera. Rais wa bunge akaita kura. Mikono ilipanda kila safu, nami niliitazama safu baada ya safu nikitafuta ambao haukupanda, na sikuuona. Papo hapo depite mmoja kijana, ambaye hakuwahi kusema Kiswahili ukumbini tangu achaguliwe, akapendekeza kwamba kuanzia siku hiyo kumbukumbu za Kiswahili zisomwe sawa na za Kifaransa. Hilo nalo lilipita. Papa Deo alirudi ofisini, akafungua dirisha, akatazama ziwa likiwa limefunikwa na mvua. Alinipa bakuli lake lote la maharagwe siku ile. "Mimi nimeshiba," alisema, na alikuwa akifuta macho.

Jioni hiyo hiyo, kabla giza halijaingia, Papa Ramazani na mimi tulikwenda hospitali. Nilikuwa na nakala ya kurasa zangu mkobani. Mama Neema alikuwa amekaa kitandani, mguu umefungwa plasta. Papa Ramazani akaketi kwenye ukingo wa kitanda cha jirani. "Mama, uliniuliza swali," alisema. "Huyu dada atakujibu." Nikamsomea yote, tangu mwanzo. Wagonjwa wa vitanda vingine walijisogeza. Mahali pa kucheka alicheka, mahali pa magunia alitikisa kichwa, na nilipomaliza alinyoosha mkono akaomba karatasi. Hakujua kusoma. Alizikunja mara nne, akaziweka ndani ya kitenge chake.

Vyuma vilipanda kabla mwaka haujaisha. Nilikuwa nimesikia watu wakisema ahadi za aina hiyo hufia njiani, na sijui ngapi zilifia. Hiyo haikufa, kwa sababu madereva wa chumba kile cha Murara waligeuka walinzi wake: kila aliyepita bohari alileta habari, kila aliyepita mtoni alileta habari, na kila Jumatatu habari ilisimama bungeni kwa miguu miwili. Vijana wa vijiji vya kando walibeba mawe ya nguzo. Mhandisi yule yule wa waziri alilala pale kwa majuma, akila viazi vya watu, na akageuka kuwa mtu wa utani mwingi. Waziri alikuja mwenyewe siku ya kufungua. Aliacha gari lake kwenye kona ya mwisho, akashuka bonde lote kwa miguu, suruali imekunjwa, na watu wakimpigia vigelegele mpaka akafika chini akihema na kucheka.

Hema lilikuwa limepigwa kwa ajili ya hotuba, lakini ng'ambo ya mto akina mama wa soko walikuwa wamekwisha kujipanga tangu alfajiri, na mabeseni na watoto migongoni, Mama Neema akiwa mbele na fimbo yake. Papa Ramazani aliwatazama, akaomba ufunguo wa lori la rafiki yake. Akaniita nipande kabini. Hakuwa ameshika usukani tangu achaguliwe. Alikirekebisha kioo, akauegemeza mkono wake wa kushoto dirishani, akaingia darajani na lori limejaa magunia, na abiria wamekaa juu, bila mtu kushushwa hata mmoja. Lilivuka kama vile linavuka sebule. Upande wa pili kelele zilikuwa kubwa hata sikusikia injini ikizimwa. Wazee walimzunguka, waandishi wa redio wakamnyooshea vinasa sauti, mtu akamletea sanduku la soda ili asimame juu yake, na wote wakaanza kumwomba ahutubie. Nilitoa daftari langu. Papa Ramazani alipanda juu ya sanduku lile, akawatazama akina mama, mabeseni yao, kilima cha kupandia sokoni kilichokuwa mbele yetu.

"Nimekwisha kusema vya kutosha," alisema. "Pandeni, twende."

Niliandika hivyo hivyo, kisha nikashuka kuwasaidia kupandisha mabeseni.